Takrolimusi Katika Miezi Mitatu ya Kwanza: Mjadala Kuhusu Kiwango Kinachoilinda Figo Mpya

Figo iliyopandikizwa huingia katika mwili usioijua. Chembe nyeupe za damu za kundi la T huitambua kuwa ngeni, na zisipozuiwa huanza kuishambulia ndani ya siku chache. Dawa inayozizuia katika vituo vingi vya upandikizaji leo ni takrolimusi, ikiandamana na dawa nyingine mbili za kushusha kinga, mikofenoleti na prednisoloni. Takrolimusi iligunduliwa mwaka 1984 katika bakteria wa udongo uliochukuliwa Tsukuba, Japani. Thomas Starzl na wenzake wa Pittsburgh walianza kuwapa wagonjwa mwaka 1989, na mwaka 1997 Marekani ikaidhinisha itumike kwa wanaopandikizwa figo. Ikishaingia ndani ya chembe ya T, dawa hiyo hujishikiza kwenye protini moja ndogo, na viwili hivyo kwa pamoja hukizuia kimeng'enya kiitwacho kalsinyurini. Kimeng'enya hicho kikizimwa, chembe haitengenezi interlukini-2, kemikali inayoziamuru chembe za T ziongezeke.

Lakini takrolimusi hubana pia kijishipa kinachopeleka damu kwenye vichujio vya figo. Ikipungua, mwili huikataa figo. Ikizidi, figo huumizwa na dawa iliyoletwa kuilinda, mikono hutetemeka, presha hupanda, potasiamu hujaa katika damu na sukari huvurugika. Nafasi kati ya kupungua na kuzidi ni nyembamba, ndiyo maana dozi haipangwi kwa uzito wa mwili peke yake. Damu hutolewa asubuhi kabla ya kumeza vidonge, saa 12 hivi baada ya dozi ya usiku, na majibu huandikwa kwa nanogramu katika kila mililita ya damu. Vituo vingi hulenga 8 hadi 12 katika wiki na miezi ya kwanza, kisha hushuka taratibu hadi kati ya 5 na 8.

Namba hizo ndizo zinazobishaniwa. Katika mjadala ufuatao wanazungumza wanne: daktari anayetetea kiwango cha juu, daktari anayetetea kiwango cha chini, mfamasia wa hospitali na muuguzi wa kliniki ya figo. Si watu mahususi. Kila mmoja amebeba msimamo unaosikika kweli wodini na katika vikao vya madaktari.

Mtetezi wa kiwango cha juu: Hatari ya mwili kuikataa figo haiko sawa siku zote. Iko juu zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, na chembe za T zikishaamka ni vigumu kuzilaza tena. Shambulio linalotokea mapema hutibiwa kwa dozi kubwa za methilprednisoloni kwenye mshipa kwa siku kadhaa, na wagonjwa wengi hupata nafuu, lakini kovu linalobaki ndani ya figo halifutiki. Kwa hiyo ni heri kuanza na kiwango cha 10 au 12, figo ikavumilia kubanwa kwa muda, kuliko kuanza na 5 na kusubiri kuona kama kinga ya mgonjwa itatulia. Sumu ya dawa katika wiki za kwanza hurekebishika: dozi ikipunguzwa, kijishipa hufunguka na kreatinini, taka ya damu inayopanda figo ikishindwa kuchuja, hushuka. Kovu la kukataliwa halina njia hiyo ya kurudi.

Mtetezi wa kiwango cha chini: Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kiwango cha juu kingekuwa kimethibitika kuzuia kukataliwa. Utafiti mkubwa uliojulikana kwa jina la Symphony, uliochapishwa mwaka 2007, ulihusisha wagonjwa 1,645 katika nchi 15 na kuwagawa makundi manne. Kundi lililopewa takrolimusi kwa lengo la 3 hadi 7 tu, pamoja na mikofenoleti, prednisoloni na dawa ya sindano ya mwanzo iitwayo daklizumabu, ndilo lililofanya vizuri kuliko yote. Waliopata shambulio la kukataliwa lililothibitishwa kwa biopsi, yaani kipande kidogo cha figo kinachochunguzwa maabara, walikuwa asilimia 12.3. Kati ya makundi yaliyopewa dawa nyingine za kushusha kinga, kundi la siklosporini ya dozi ya kawaida lilikuwa na asilimia 25.8, na kundi la sirolimusi asilimia 37.2. Baada ya mwaka mmoja, uwezo wa figo kuchuja damu ulikuwa mililita 65.4 kwa dakika katika kundi la takrolimusi kidogo, na hakuna kundi jingine lililofika 60.

Mtetezi wa kiwango cha juu: Majibu yenyewe yakisomwa vizuri yanasema jambo la ziada. Lengo lilikuwa 3 hadi 7, lakini vipimo vya wagonjwa vilielemea upande wa juu wa lengo hilo, karibu na 6 na 7. Madaktari waliogopa kuteremka hadi 3. Tena wagonjwa hao walikingwa siku za mwanzo kwa daklizumabu, dawa ambayo imekwisha kuondolewa sokoni. Kuuchukua utafiti huo na kumwacha mgonjwa kwenye 4 katika wiki ya pili, bila sindano ya mwanzo, ni kuutumia kwa jambo ambalo haukulipima.

Pingamizi hili ni la haki, na linaeleza kwa nini vituo vingi vimesimama katikati. Hata hivyo halimpi mtetezi wa kiwango cha juu ushindi. Mwaka 2013 watafiti wa Rotterdam waliunganisha takwimu za majaribio matatu makubwa, Symphony ikiwemo, zenye wagonjwa 1,304, wakatafuta kama kiwango cha takrolimusi kabla ya dozi kinatabiri nani atapata shambulio la kukataliwa. Hawakuona uhusiano huo. Ndani ya masafa ambayo madaktari huwaweka wagonjwa kwa kawaida, aliyekuwa na namba ndogo hakukataa figo zaidi ya aliyekuwa na namba kubwa. Haina maana kwamba dawa haina kazi. Asiyeimeza kabisa ataipoteza figo. Maana yake ni kwamba tofauti ya 7 na 11 kwenye karatasi ya maabara inabeba habari kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mfamasia ana maelezo ya sababu.

Mfamasia: Namba ya maabara hupimwa katika damu nzima, na sehemu kubwa sana ya takrolimusi iliyo katika damu imejificha ndani ya chembe nyekundu. Inayofanya kazi ni ile kidogo iliyo huru. Mgonjwa aliyetoka kupandikizwa mara nyingi ana upungufu wa damu: figo zake za zamani zilishindwa kutoa homoni ya kutengeneza damu kwa miaka, kisha akapoteza nyingine kwenye upasuaji. Chembe nyekundu zikiwa chache, maghala ya dawa nayo huwa machache, na kipimo husoma chini ingawa dawa iliyo huru haikupungua. Daktari akiifuata namba hiyo na kuongeza vidonge, anamzidishia mgonjwa sumu ambayo karatasi haioneshi. Kwa hiyo majibu ya takrolimusi yasomwe pamoja na kiwango cha damu cha siku hiyohiyo.

Kuna la pili. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, kwa dozi kubwa huchochea vimeng'enya vya ini na utumbo vinavyoivunja takrolimusi. Wiki za kwanza steroidi ni nyingi, kwa hiyo takrolimusi huvunjwa haraka na dozi hupandishwa ili kuifukuzia. Steroidi zinapopunguzwa, uvunjaji nao hupungua, na dozi ileile iliyofaa wiki ya pili huwa kubwa mno wiki ya sita. Anayepandisha dozi leo awe tayari kuishusha baadaye, na ajue hivyo mapema.

Mtetezi wa kiwango cha chini: Hayo yanatosha kuonyesha kwamba kuifukuza namba kila asubuhi kuna madhara yake. Dawa inahitaji siku mbili au tatu kutulia baada ya dozi kubadilishwa. Anayepandisha leo na kushusha kesho anasoma mwangwi wa maamuzi yake mwenyewe, si hali ya mgonjwa.

Mtetezi wa kiwango cha juu: Lakini hapa Afrika kuna hatari ya upande wa pili ambayo vitabu vya Ulaya huigusa kwa juu juu. Wagonjwa wengi huanza wakiwa chini ya kiwango, tena kwa siku nyingi.

Mfamasia: Ni kweli, na sababu yake inajulikana. Kimeng'enya kinachoitwa CYP3A5 huivunja takrolimusi. Watu wengi wenye asili ya Ulaya wamerithi jeni isiyokitengeneza kimeng'enya hicho. Watu wengi wenye asili ya Afrika wanakitengeneza. Mwenye nacho huhitaji dozi kubwa ya mara 1.5 hadi 2 ili kufika kiwango kilekile. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2015 unaohusu jeni na dawa unasema hivyo waziwazi, ukiweka kikomo cha miligramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mgonjwa wa Dodoma au Eldoret akianzishiwa dozi iliyopangwa kwa wagonjwa wa Ulaya, anaweza kumaliza wiki nzima ya kwanza akiwa na 4 au 5 huku kila mtu akidhani amepewa dawa ya kutosha.

Mtetezi wa kiwango cha chini: Basi jeni zipimwe kabla ya upasuaji. Mtoaji akiwa ndugu aliye hai, tarehe hupangwa wiki kadhaa mbele, muda upo.

Mfamasia: Kipimo kinasaidia kufika lengo mapema. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha kwamba waliopangiwa dozi kwa jeni walikuwa ndani ya lengo wengi zaidi katika siku za mwanzo, wakahitaji kubadilishiwa dozi mara chache. Ila mashambulio ya kukataliwa hayakupungua kwa sababu hiyo. Pale ambapo kipimo cha jeni hakipatikani, kuna njia nyepesi: gawanya kiwango kilichosomwa kwa jumla ya miligramu anazomeza mgonjwa kwa siku. Jibu likiwa chini ya 1.05 hivi, mgonjwa ni wa kundi la wavunjaji wa haraka. Anahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu mtu wa namna hiyo akipewa dozi kubwa hupata kilele kirefu saa moja au mbili baada ya kumeza, kisha kiwango huporomoka. Kipimo cha asubuhi hukiona kile kilichobaki bondeni tu. Kilele kilichoibana figo usiku hakikuandikwa popote.

Hoja hii ya mwisho ndiyo inayofaa kutafakariwa kwa muda mrefu kuliko zote. Kipimo cha kabla ya dozi kilichaguliwa kwa sababu ni rahisi: wakati mmoja, sindano moja. Jumla ya dawa ambayo mwili umeipata kwa saa 12 hueleweka vizuri zaidi damu ikitolewa mara kadhaa baada ya dozi, lakini ni hospitali chache zinazoweza kumkalisha mgonjwa asubuhi nzima na kulipia vipimo vyote hivyo. Kwa wagonjwa wengi kipimo kimoja kinatosha. Kwa mvunjaji wa haraka ambaye kreatinini yake inapanda ingawa namba iko sawa, hakitoshi, na kumwambia kwamba kiwango chake ni kizuri ni kumpa uhakika ambao kipimo hakikuutoa.

Kuhusu kreatinini yenyewe, wote wanne wanakubaliana. Baada ya figo kutoka kwa mtoaji aliye hai, mkojo huanza kutoka mezani pa upasuaji na kreatinini hushuka kwa kasi katika siku za kwanza. Hiyo ndiyo hali ya wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, ambako upandikizaji umeanza kwa kutegemea ndugu. Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017 kwa kusaidiana na madaktari wa India, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na Mulago nchini Uganda mwaka 2023. Figo ya marehemu iliyokaa kwenye barafu saa nyingi huweza kulala kwa siku kadhaa, mgonjwa akaendelea kusafishwa damu wiki ya kwanza, na huyo daktari hataki kumwongezea mbano wa takrolimusi. Figo ya ndugu aliye hai mara chache huwa hivyo. Ikitokea kreatinini iliyokuwa ikishuka imesimama au imegeuka kupanda, sababu ni nyingi: maji kupungua mwilini, mrija wa mkojo kuziba, maambukizi, dawa kuzidi, au mwili kuikataa figo. Ultrasaundi huondoa baadhi. Kati ya mbili za mwisho, namba ya takrolimusi huelekeza tu. Kinachoamua ni biopsi, inayosomwa kwa vigezo vilivyoanza kuwekwa na wataalamu waliokutana Banff, Kanada, mwaka 1991.

Muuguzi: Kabla ya kubishana kama 6 inatosha au haitoshi, ijulikane kwanza kama hiyo 6 ni ya kweli. Mgonjwa wa dozi ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku anatakiwa kufika kliniki akiwa na vidonge vyake mfukoni, atolewe damu, ndipo ameze. Wengi humeza nyumbani kwa sababu wameambiwa wasikose dawa hata siku moja, nao wametii. Damu ikitolewa saa 4, maabara huona kilele: 18, 20. Dozi hupunguzwa kwa haraka, na wiki inayofuata mgonjwa yuko 4. Hakuna aliyekosea kwa uzembe. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa amemeza saa ngapi. Saa ya dozi ya mwisho iandikwe kwenye fomu ya maabara, kila mara.

Mtetezi wa kiwango cha juu: Sista amegusa kinachovuruga zaidi ya lengo lenyewe.

Muuguzi: Na kuharisha pia. Watu hudhani anayeharisha hupoteza dawa. Kwa takrolimusi huwa kinyume: ukuta wa utumbo ulioumia hushindwa kuivunja, ikapita nyingi kuingia kwenye damu. Mikofenoleti yenyewe huharishisha. Mgonjwa anayepiga simu kusema anaharisha siku ya tatu aitwe apimwe damu, asiambiwe anywe maji na asubiri miadi.

Mfamasia: Dawa nyingine nazo huingilia. Flukonazoli ya fangasi na klarithromisini hupandisha kiwango. Balungi nalo hupandisha. Fenitoini na kabamazepini za kifafa hushusha. Kwa eneo hili nzito kuliko zote ni rifampisini. Kifua kikuu ni ugonjwa wa kawaida, kinga iliyoshushwa huuamsha, na rifampisini huivunja takrolimusi kwa kasi kiasi kwamba dozi inaweza kulazimika kuongezwa mara kadhaa na bado isifike lengo. Tiba ikiisha na rifampisini ikasimama, dozi ile kubwa hugeuka sumu ndani ya wiki mbili. Rifabutini, ikipatikana, huchochea uvunjaji huo kwa kiasi kidogo kuliko rifampisini. Kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, ritonaviri hufanya kinyume kabisa: huzuia uvunjaji hadi mgonjwa akahitaji kidonge kimoja kidogo kila baada ya siku kadhaa. Dolutegraviri haina tatizo hilo, na ni heri mgonjwa ahamishiwe kwenye dawa za mpango huo kabla ya upasuaji kuliko baadaye.

Mtetezi wa kiwango cha chini: Maambukizi ndiyo sehemu ya mizani inayosahauliwa. Kila nanogramu ya ziada hununuliwa kwa kinga. Virusi vya BK, ambavyo wengi hubeba tangu utotoni bila madhara, huamka katika figo iliyopandikizwa na kuiharibu kwa sura inayofanana na kukataliwa. Havina dawa ya uhakika. Tiba ni kupunguza dawa za kinga. Aliyewekwa kwenye 12 kwa miezi mitatu bila kupimwa virusi hivyo amelindwa dhidi ya hatari moja na kufunguliwa mlango wa nyingine. Kisukari kipya baada ya upandikizaji nacho huongezeka takrolimusi ikiwa juu na steroidi zikiwa nyingi.

Mtetezi wa kiwango cha juu: Hilo linakubalika, ndiyo maana hakuna anayetetea 12 kwa mwaka mzima. Kinachotetewa ni kutoshuka mapema kwa mgonjwa mwenye hatari kubwa: aliyewahi kupandikizwa, aliyeongezewa damu mara nyingi, mama aliyejifungua watoto kadhaa, mtu aliye na kingamwili dhidi ya tishu za mtoaji.

Hapa pande mbili zinakaribiana zaidi kuliko zinavyokiri. Utafiti wa Winnipeg, Kanada, uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia tofauti za tishu kati ya mtoaji na mpokeaji pamoja na viwango vya takrolimusi. Waliokuwa na tofauti kubwa walihitaji kiwango kisishuke chini ya 5 ili wasitengeneze kingamwili mpya. Waliolingana kwa karibu walivumilia kushushwa. Ndugu waliolingana tishu zote hawana sababu ya kubebeshwa kiwango cha mtu aliyepewa figo na mwenza wa ndoa. Lengo moja kwa wodi nzima ni urahisi wa hospitali, wala halitokani na hali ya mgonjwa.

Zaidi ya lengo, kiwango kinachoyumba kina ubaya wake peke yake. Watafiti wa Rotterdam na wengine baada yao wameonyesha kwamba wagonjwa ambao vipimo vyao hupanda na kushuka sana bila dozi kubadilishwa hupoteza figo mapema kuliko wanaotulia, hata wastani wao ukiwa uleule. Wengi huweka mpaka wa tahadhari kwenye asilimia 30 ya mtawanyiko. Mgonjwa anayekaa kwenye 7 wiki baada ya wiki yuko salama kuliko anayeruka kutoka 4 hadi 14, ingawa wa pili akihesabiwa wastani anaonekana amefikia lengo la vitabu.

Mfamasia: Kuyumba huko mara nyingi huanzia dirishani pa dawa. Takrolimusi zina watengenezaji wengi, na aina zinazomezwa mara moja kwa siku si sawa na za mara mbili. Mgonjwa akibadilishiwa pakiti kwa sababu ile ya kawaida imekwisha ghalani, apimwe kiwango ndani ya wiki moja.

Muuguzi: Na aulizwe bei. Anayegawanya vidonge ili vifike mwisho wa mwezi hasemi mbele ya daktari. Husema ukimuuliza pembeni, akiwa peke yake.

Mtetezi wa kiwango cha chini: Maabara nayo ijulikane. Vipimo vya takrolimusi vinavyotumia kingamwili husoma juu kidogo kuliko mashine za kupima uzito wa molekuli. Mgonjwa aliyetoka India na 8 ya maabara moja, akafika Dar es Salaam na 6 ya nyingine, huenda hakupungukiwa na chochote. Kabla ya kuongeza dozi, kipimo kirudiwe palepale atakapokuwa akipimwa miezi yote ijayo, na kiwango cha damu na kreatinini ya asubuhi ileile viwe mezani.

Mtetezi wa kiwango cha juu: Kwa mgonjwa wa hatari ndogo, figo ya ndugu, kreatinini imetulia, basi 8 katika mwezi wa kwanza na 6 kuanzia wa tatu haina ubishi. Kwa mwenye kingamwili za awali, kushuka chini ya 8 kabla ya miezi mitatu kusubiri majibu ya kipimo cha kingamwili dhidi ya mtoaji, na mahali ambapo kipimo hicho hakifanyiki, kusubiri biopsi.